Elfu Hamsini kwa Elfu Ishirini

"Elfu hamsini kwa elfu ishirini, bosi! Elfu hamsini kwa elfu ishirini!"

Mgeni wa Kariakoo angedhani kijana anauza fedha. Alikuwa anauza pawabenki. Elfu hamsini ni miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa, zile mAh zilizopigwa chapa ubavuni. Elfu ishirini ni shilingi. Zilikuwa siku za mgao, mwishoni mwa 2023, umeme unaaga asubuhi unarudi watu wameshalala, na kazi yangu yote imo kwenye simu. Nikatoa noti mbili nyekundu, nikaondoka Mtaa wa Aggrey nikijiona mjanja. Kaka yangu alikuwa amenunua ya mAh elfu kumi tu, dukani, kwa risiti, na akalipa zaidi ya mara mbili ya nilicholipa mimi. Nilimcheka.

Usiku huo simu yangu, yenye betri ya mAh 5,000, ilipanda kutoka asilimia 10 hadi 60 na kidogo. Taa za pawabenki zikazima zote nne.

Hapo wengi husema "nimepigwa" na kuishia hapo. Mimi naona tunachanganya mambo mawili, na moja kati yake wala si wizi. Hata ile ya kaka yangu, nzima na halali, haitoi 10,000. Seli za lithiamu zilizo ndani, yaani zile betri zenyewe, zinahesabiwa kwa volti 3.7, lakini tundu la USB linatoa volti 5. Ni kama kuingia duka la kubadilishia fedha: unaingia na 10,000 za fedha moja, unatoka na 7,400 za nyingine. Thamani ni ileile, noti ndizo zimepungua. Halafu mwenye duka anakata chake, maana sakiti inayopandisha volti hula asilimia 10 hadi 15 na kuigeuza joto. Ndiyo maana kwenye pawabenki za watu wakweli utakuta mstari wa pili, maandishi ya sisimizi, unaotaja uwezo kwa volti 5: mara nyingi kati ya 5,500 na 6,500. Ukiuona mstari huo usikasirike. Mimi siku hizi nauchukulia kama kitambulisho. Asiyeuandika ndiye wa kutilia shaka.

Kipimo kisichobadilika kwa kubadilisha volti ni wati-saa, Wh. Zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya kaka: 37. Betri ya simu yangu ni kama 19. Ukitoa makato ya njiani, pawabenki yake inajaza simu yangu mara moja na nusu, na ndicho inachofanya, kila siku, bila kelele. Yangu, kwa hesabu hiyohiyo, ilipaswa kuwa na 185. Ningechaji simu ya nyumba nzima na ya jirani.

Siku chache baadaye niliipeleka dukani kwa Mangi, kwenye mizani anayopimia sukari. Mangi hakuuliza kitu, ameshazoea mambo yangu. Ya kaka ilisoma gramu 215. Yangu, gramu 205.

Nadhani hicho ndicho kipimo bora alichonacho mnunuzi asiye na kifaa chochote, na nashangaa hatukitumii, sisi ambao hatununui hata tikiti maji bila kulinyanyua. Lithiamu ina uzito wake na hakuna kiwanda kilichoweza kuukwepa. Chukua seli ya 18650, ile ya mviringo iliyomo kwenye tochi na kwenye betri za laptopu za zamani. Moja ina gramu 45 hadi 48, na zilizo bora kabisa zinabeba kama mAh 3,500. (Zipo zilizoandikwa 9,900. Hizo ni hadithi.) Ili ufike 50,000 unahitaji seli kumi na tano, yaani karibu gramu 700 kabla hujaweka kasha wala sakiti. Kitu hicho hakiingii mfuko wa shati. Elfu kumi ya kweli huwa na gramu 180 hadi 220 hivi; elfu ishirini, 350 kwenda juu. Ukiokota iliyoandikwa 50,000 ikakaa mkononi kama simu, irudishe mezani kwa upole.

Ila uzito nao unadanganyika. Nilimpelekea fundi simu wa mtaani kwetu aifungue (usifungue mwenyewe, bisibisi ikigusa pabaya seli inawaka). Ndani kulikuwa na seli mbili, maganda yake yamechubuka, dalili kwamba ziliwahi kuishi kwenye kitu kingine, na ubavuni kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi. Chuma! Kuna mtu alikaa akafikiria kwamba wapo watakaonyanyua. Kwa hiyo baada ya mkono kinakuja kipima USB, kidude kidogo cha kuchomeka kati ya pawabenki na waya, kinachohesabu wati-saa zinazopita hadi chaji inakwisha. Ya kaka ilitoa 31. Yangu ilitoa 11. Taa nne usizitegemee, zinakisia tu kutokana na volti, na hata seli chovu hupanda volti vizuri ikitoka kwenye chaji.

Na zile zenye paneli ya sola mgongoni? Paneli ya ukubwa wa kiganja inatoa kama wati 1 juani. Kujaza wati-saa 37 ni jua kali la wiki nzima, na wiki nzima ya kuianika ni wiki nzima ya kuichoma, kwa sababu joto ndilo linaloua lithiamu mapema. Ni pambo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba uongo wa namba una siku ya malipo yake, na siku hiyo iko uwanja wa ndege. Mashirika ya ndege yanaruhusu hadi wati-saa 100 mkononi bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika. Zaidi ya hapo hupandi nayo, na kwenye begi la chini haiwekwi kabisa. Wafanyabiashara wetu wanaopita Dubai wanajua pia kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates wanataka abiria awe na moja tu, isiyozidi 100, na asiitumie angani. Ofisa hana muda wa kupima. Anasoma kilichoandikwa. Ukimwonyesha 50,000 hawezi kujua kwamba ndani mna seli mbili na chuma, wala wewe hutamwambia. Unanyang'anywa kwa kosa la nguvu usizokuwa nazo.

Sheria hizo hazikutoka hewani. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini, uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi wakasema huenda chanzo ni pawabenki. Juni mwaka huohuo Anker, jina kubwa kabisa kwenye biashara hii, iliomba zirudishwe zaidi ya milioni 1.1 zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya moto. Kwa hiyo jina zuri halikuachii ulale nayo chini ya mto. Ikivimba, ikitoa harufu tamu ya rangi ya kucha, au ikiwa ya moto haijachomekwa popote, imekwisha kazi, hata kama juzi ilikuwa nzima.

Nilirudi Aggrey. Si kwa ugomvi; nilikuwa na picha ya mizani kwenye simu na nilitaka kuona atasema nini. Kijana akaitazama, akacheka, akapunguza sauti.

"Kaka, hata mimi najua. Sasa nikiweka iliyoandikwa elfu nne, na mwenzangu hapo pembeni ana elfu hamsini, bei moja, wewe ungenunua ya nani?"

Nikanyamaza. Nikanunua waya wa chaji, akanipunguzia buku.