Thamani ya gari ijulikane siku ya kukata bima

Kampuni ya bima ikiandika kwenye kavanoti, yaani hati ya bima, kwamba gari lako lina thamani ya shilingi milioni 16, ikapokea ada kwa hesabu ya milioni 16, basi gari likifa kwa ajali, mazungumzo yaanzie kwenye milioni 16. Kwangu hilo ni jambo la haki tupu. Lakini sivyo mambo yanavyokwenda, na wengi wetu huku Tabora tunakuja kulijua hilo gari likiwa tayari limelazwa kwenye uwanja wa polisi, vioo hakuna.

Gari langu lilikuwa RAV4, ile inayoitwa Kilitime, ya mwaka 2004, namba ya usajili ya herufi C. Mzee wangu alipozidiwa usiku kule Urambo, ndilo lililomfikisha hospitali ya Kitete. Wanangu wote wamejifunzia kuendesha humo. Fundi wetu wa Isevya alikuwa akisikia injini yake barabarani anajua ni sisi, hata kabla hatujakata kona. Nalitaja hili ili msomaji ajue nimepoteza nini, ila sijawahi kumwomba mtu wa bima anilipe mapenzi. Bima hailipi mapenzi, wala haipaswi. Nilichoomba ni bei ya gari.

Ajali yenyewe haina maneno mengi. Tulikuwa tunatoka Sikonge usiku. Lori bovu limeachwa kwenye lami bila taa wala pembetatu, na yale matawi ya kuwaonya wenye magari yalikuwa yameshasambazwa na waliotutangulia. Tulitoka wazima wote, namshukuru Mungu. Gari chasisi ilipinda, na mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni ya bima akaandika kwamba halitengenezeki.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo penye shida. Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Bima kubwa ya gari la mtu binafsi kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa milioni 16 hiyo ni shilingi 560,000, ongeza VAT ya asilimia 18, jumla 660,800. Hela hiyo nimelipa kila mwaka bila kukosa, na kila mwaka wakala alinipigia kunikumbusha: "Kaka, bima yako inaisha wiki ijayo, tuandike ileile?" Tukaandika ileile. Hakuna aliyekuja kuliona gari. Hakuna aliyesema thamani imeshuka, ulipe kidogo.

Mkadiriaji alikuja kutoka mkoa mwingine. Alikuwa kijana mstaarabu, alinisalimia vizuri. Akapiga picha pande nne, akapiga ya namba ya gari, akapiga ya dashibodi kupata kilomita. Nilikuwa nimebeba bahasha ya risiti: gia boksi iliyobadilishwa, shokapu za mbele na nyuma, matairi manne ambayo hata miezi mitatu hayajamaliza, kazi ya bodi na rangi. Nikamnyooshea. Akaniambia, "Hizo kaa nazo tu mzee, sisi tunaangalia mwaka wa gari na namba." Bahasha haikufunguliwa.

Baada ya wiki kadhaa ofa ikaja: milioni 9.5, kabla ya kukata ile sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe. Na kama nataka nibaki na mabaki ya gari, wakate milioni 3.2. Hapo ndipo niliposimama. Gari hilohilo, likiwa zima, wao wanasema bei yake ni ndogo. Likiwa limepondeka na wananiuzia mimi, bei yake imekuwa kubwa.

Nataka niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Bima ipo ili kukurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, isikutajirishe. Ndiyo maana mikataba mingi ya magari inasema utalipwa thamani ya soko au kiasi ulichokatia bima, kile kilicho kidogo. Kanuni hiyo naikubali. Bila hiyo watu wangekata bima ya milioni 40 kwa gari la milioni 10, halafu wakaombea ajali. Ugomvi wangu ni juu ya neno soko. Soko gani?

Maana hesabu ya kukata uchakavu kila mwaka inafaa nchi ambako gari likizeeka linashuka tu. Kwetu gari haliendi hivyo. Mtu akiagiza leo RAV4 kama yangu kutoka Japan, anakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1000 lakini isiyozidi cc 2000, kisha ushuru wa uchakavu asilimia 30 kwa sababu gari limevuka miaka 10, halafu VAT asilimia 18 juu ya hivyo vyote, na tozo nyingine ndogondogo. Likishatoka bandarini bado liko Dar es Salaam. Kuna dereva wa kulileta kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi, na kuna mafuta. Kodi hizo zote zilishalipwa kwenye gari langu. Zimo ndani ya bei yake, ndiyo sababu Kilitime iliyotunzwa inauzwa ghali kuliko umri wake. Mkadiriaji anayekata asilimia kadhaa kwa kila mwaka bila kuuliza gari la namna hiyo linauzwa shilingi ngapi mjini hapa, anakadiria gari lisilokuwepo.

Nilizunguka kuuliza. Kanyenye, Ipuli, mpaka Nzega. Waliokuwa wanauza Kilitime nzima, isiyovuja oili, walitaka kati ya milioni 14 na 16. Nikaandika namba za magari, bei walizotaja na tarehe, nikapiga picha. Fundi akaniandikia karatasi ya hali ya gari kabla ya ajali, akaiweka muhuri wa gereji. Nikaambatanisha na zile risiti, nikapeleka kwa barua, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ofa ikapanda mpaka milioni 11.8. Hakuna kilichobadilika kwenye gari kati ya ofa ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa na makaratasi. Sasa jiulize mama mjane wa Kaliua, aliyepewa ile hati ya kukubali malipo asaini palepale na hana wa kumwelekeza, amelipwa ngapi.

Hiyo hati ndiyo naomba kila mtu aiogope. Ukishasaini, umesema madai yako yote yamekwisha, na kurudi nyuma ni kazi kubwa. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku ulipopewa. Chukua, nenda nayo nyumbani, isome na mtu unayemwamini. Usiporidhika, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwa sisi wa huku magharibi mlango huo unaonekana uko mbali, lakini barua inafika.

Ninachotaka TIRA wakisimamie si kigumu. Gari likaguliwe siku ya kukata bima na kila bima inapohuishwa, thamani ikubaliwe na pande mbili, iandikwe, na ndiyo iwe thamani ya kulipa kama gari litakufa ndani ya mwaka huo. Kama kampuni inaona milioni 16 ni nyingi, iseme siku hiyo, nami nilipe ada ya milioni 12. Wakala anayelipwa kamisheni kwa ada kubwa hana sababu ya kuniambia thamani imepungua, kwa hiyo kazi hiyo asiachiwe yeye. Na mkadiriaji aandike kwenye ripoti magari aliyolinganisha nayo, yako mji gani, yanauzwa bei gani, mteja apewe nakala bila kuomba mara mbili.

Ofa ya pili bado sijaisaini. Nimewaandikia tena, nimewaomba kitu kimoja tu: wanionyeshe Kilitime moja ya mwaka 2004 inayouzwa Tabora kwa milioni 11.8, nzima, yenye kadi safi. Wakinionyesha, nitasaini siku hiyohiyo.