Simu Iliyotafutwa na Foleni Nzima

Neva zinazobana mishipa ya damu na kuongoza mapigo ya moyo bila kumwomba mtu ruhusa hazitimizi wajibu wake vizuri mwilini mwangu, kwa hiyo kila nisimamapo damu hutuama miguuni, na moyo huanza kwenda mbio kama mwizi aliyepigiwa mayowe. Madaktari huiita hali hii POTS, na kwa mtu mzima huitambua mapigo yanapopanda kwa 30 au zaidi kwa dakika, ndani ya dakika 10 za kusimama, ilhali shinikizo la damu halijaporomoka.

Siku ya mkasa huu nilikuwa nimejihami vya kutosha: soksi za kubana zilizofika kiunoni (kuzivaa ni zoezi linalohitaji mapumziko), chupa ya maji yenye chumvi, na kipimo cha oksijeni kidoleni. Foleni ilisonga kwa kusuasua. Nilipishanisha miguu, nikakaza mapaja nilivyofundishwa, lakini pumzi ilipokatika na sauti za watu zikaanza kwenda mbali, nilichuchumaa, kwa sababu kuchuchumaa huisukuma damu irudi juu.

"Umeangusha nini, binti yangu?" aliuliza mzee aliyekuwa nyuma yangu.

Nilitaka kumwambia kwamba sijaangusha kitu, lakini anayehema namna ile hutoa maneno kwa mgao, na kilichonitoka kilikuwa "Si..." tu.

"Simu!" mzee akaitangazia foleni. "Ameangusha simu!"

Watu wakainama. Viatu vikainuliwa, mabegi yakasogezwa, na kijana mmoja, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama karibu, akaombwa kwa heshima ageuze mifuko. Nilitikisa kichwa kukanusha. Wakaelewa kwamba ninasikitika, wakazidisha bidii.

Ndipo simu ikalia ndani ya mkoba wangu. Ilikuwa kengele ya kunikumbusha kunywa maji.

Kimya kilichofuata sikipendi hata leo. Mama mmoja aliukamata mkono wangu, akasoma kipimo, akatangaza kwamba oksijeni ni 98 na kwamba sina ugonjwa wowote. Hakutazama namba ya mapigo, 136, wala sikuwa na pumzi ya kumweleza kwamba katika hali hii mtu anaweza kutweta huku oksijeni yake ikiwa timilifu.

Mzee, aliyekuwa bado amepiga magoti, aliinuka kwa ghafla kunitetea, akapepesuka, akanishika bega. Nikampa chupa yangu. Alipiga funda moja, akakunja uso, akauliza ni daktari gani anayemwagiza mtu chumvi wakati yeye wa kwake amemkataza hata kuionja.

Karani akaita anayefuata. Tulikwenda dirishani tumeshikana mikono, kila mmoja akimweleza karani kwamba anamsindikiza mgonjwa.