Vigingi vya Hajati

Kabla maneno hayajafika mbali kuliko yalikokwisha kufika, niseme wazi: sijapanda mti hata mmoja katika kiwanja cha jirani yangu Hajati. Miti ile ilipandwa na fundi wake, kwa nyundo, mchana kweupe, kwa pesa za Hajati mwenyewe. Sisi wa Busia maneno yetu huvuka mpaka bila pasipoti, na nimeshaambiwa kwamba upande wa Kenya wanazungumzia mwalimu mmoja wa Uganda anayeiba ardhi kwa kutumia matunda.

Chanzo ni mforsadi ulio nyuma ya jiko langu. Watoto wa mtaa wanauita mulberi, na ukiwaona midomo na viganja vimegeuka zambarau huna haja ya kuuliza wametoka wapi. Mti huu ni wa ukoo mmoja na mfenesi, mtini na mvule. Ukichuma jani unatoa utomvu mweupe vilevile. Hubeba matunda kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo asiyepogoa asilalamike kwamba hali matunda. Mimi nilipogoa mwezi wa tatu mvua zikinukia, nikarundika matawi ukutani, nikaenda zangu shuleni.

Shemeji yangu akaliona rundo. Shemeji ni mtu wa miradi. Ameshapita kwenye kware, akapita kwenye vanila, kote huko ametoka na daftari la hesabu tu. Safari hii alikuwa amesikia habari za hariri, kwamba huko Sheema watu wamelima miforsadi kwa ajili ya viwavi.

"Shemeji, kile kiwavi hakili kitu kingine, ni majani haya haya! Na kifukofuko chake kimoja kinatoa uzi mmoja unaokaribia kilomita nzima!"

"Na viwavi unavyo?"

"Viwavi baadaye. Kwanza shamba."

Nikamfundisha, Mungu ni shahidi. Chagua tawi lililokomaa, unene wa penseli. Kata pingili ndefu kama shubiri, ziwe na macho matatu au manne. Chini kata mshazari, juu kata bapa, ili usisahau kichwa kiko wapi. Fukia theluthi mbili, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Dawa ya mizizi haihitajiki. Mforsadi hauna maringo hayo.

Shemeji akakata mshazari pande zote mbili. Alisema inapendeza zaidi. Hapo kichwa na miguu vikawa havitambulikani, na nusu ya shamba la hariri ikaingia ardhini kichwachini. Akapanga kavera zake, yaani mifuko ya plastiki ya miche, chini ya mgomba, akamwagilia asubuhi, mchana na jioni, hata mvua ilipokuwa inanyesha alitoka na ndoo. Baada ya siku chache zile zilizosimama sawasawa zikatoa vijani, akaita mtaa mzima kuja kutazama. Nilimwambia pingili huchipua kwa akiba iliyo mwilini mwake, majani si ushahidi wa mizizi, subiri. Akasubiri kwa namna yake: kila jioni alizing'oa moja moja, akaziinua juani, akachungulia sehemu ya chini, akazirudisha. Zote zikaoza.

Sasa, wakati Shemeji akizilea zile za kwenye kavera, upande wa pili fundi wa Hajati alikuja kupima msingi wa ukuta. Fundi yule alikuja na timazi, leveli na kamba ya manila ya bluu. Vigingi hakuja navyo. Akatupa macho huku na huku, akaona rundo langu. Hakubisha hodi. Akachagua yaliyonyooka, manene kama kidole gumba, akayachonga ncha kwa panga, akayapigilia kwa nyundo hadi yakasimama imara kwenye udongo uliolowa, akafunga kamba kwa fundo la nguvu na kuivuta kutoka kigingi hadi kigingi. Tawi lililokomaa, ncha ya mshazari, sehemu kubwa ardhini, mwanzo wa mvua. Ningemlipa mtu kupanda hivyo nisingempata.

Juma hilo hilo binti wa Hajati akajifungua mapacha huko Jinja. Hajati akafunga safari, pesa za saruji zikafunga safari pamoja naye, na fundi akahamia kazi nyingine. Mvua ikanyesha hadi mwezi wa tano.

Aliporudi nilikuwa nakunywa chai barazani.

"Mwalimu!"

"Salaam aleikum, Hajati. Karibu kutoka Jinja. Mapacha hawajambo?"

"Waaleikum salaam. Hii ni nini?"

"Miforsadi, Hajati."

"Sijakuuliza jina lake."

Kwa msio wa huku niwaeleze ubaya ulikuwa wapi. Kesi ya kiwanja huku huanza na swali moja: ile miti ya mpakani alipanda nani? Mwenye miti ameshaweka mguu ndani. Na miti yenyewe, isipokuwa ule wangu, hakuna mwingine mtaani wa aina hiyo. Majani yale yale, matunda yale yale, msitari ulionyooka kuliko barabara ya manispaa. Hata mimi ningenishtaki.

Nikasema ni vigingi vya fundi. Hajati akacheka kicheko kisicho na furaha, akamwambia mke wangu, "Mumeo anasema vigingi vimezaa." Mforsadi mweupe hurusha chavua yake kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya sauti, lakini hadithi ile ilifika sokoni kabla chai yangu haijapoa.

Akatwaa panga, akafyeka yote, akabakiza visiki vya urefu wa goti. Nilitaka kumwambia kwamba huko ndiko kupogoa kwenyewe, nikaona ninyamaze. Kila kisiki kikatoa matawi matatu manne. Yale aliyoyafyeka mpangaji wake aliyachukua kujengea banda la kuku, na banda likachipua. Mengine yakaegemezwa kwenye nyanya, yakachipua nayo, yakazifunika nyanya. Mbuzi wa Hajati peke yao ndio waliompa raha, maana majani yale mbuzi huyapenda kuliko nyasi, na walinenepa hata yeye akakiri, ingawa hakukiri kwangu.

Ndipo matunda yakaiva, na ndege wakaja. Ndege akila forsadi hana pa kuficha. Ijumaa moja mpangaji alianua kanzu yake nyeupe ya msikitini ikiwa na madoa ya zambarau kuanzia begani hadi pindoni. Mke wangu, kwa nia njema kabisa, akapita kwa Hajati kumwambia kwamba doa la forsadi bivu husuguliwa kwa forsadi mbichi, au limau. Hajati akasikia kwamba tumemwaga uchafu kisha tunamuuzia sabuni. Jioni yake akaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wetu.

Kamati ya LC1 ina watu kumi. Katika kesi nyingi wanafika watatu na daftari. Kwenye hii walifika wote kumi, na sitasema ni kwa sababu ulikuwa msimu, ila mmoja alikuja na bakuli.

"Nani alipanda miti hii?" mwenyekiti akauliza.

"Mwalimu," akasema Hajati.

"Fundi," nikasema mimi.

Wakampigia fundi, simu haipatikani. Mwenyekiti akatangaza kwamba kamati itakagua eneo lenyewe. Ukaguzi ukafanyika kwa makini, tawi kwa tawi, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza kwa sababu vinywa vilikuwa na kazi. Katibu alipofungua daftari kuandika, kila ukurasa alioshika ukabaki na dole gumba la zambarau.

Aliyeniokoa ni mama anayeshughulikia mambo ya wanawake katika kamati. Aliinama kuokota forsadi iliyodondoka, akakaa ameinama.

"Mwenyekiti, njoo uone."

Chini kabisa, pale ambapo panga la Hajati halikufika, uzi wa bluu ulikuwa unatoka katika gome la mti. Si juu ya gome, ndani yake. Shina lilikuwa limenenepa likalizunguka lile fundo, gome likavimba juu na chini kisha likafumba, ukaonekana uzi unaingia upande huu na kutokea upande ule. Mama akauvuta, mti mzima ukatikisika, uzi haukusogea. Akafuata mti wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo, kimo kile kile. Mwenyekiti akapiga magoti, akafunga jicho moja, akatazama msitari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii ni manila ya fundi," akasema.

Nikanyoosha mgongo. Mwenyekiti akatoa uamuzi: aliyepigilia ndiye aliyepanda.

"Vizuri sana," akasema Hajati, wala hakupepesa. "Fundi alikuwa anakula pesa yangu. Kwa hiyo miti ni yangu. Katibu, andika, na matunda."

Hapo damu ikanichemka. Nikauliza vijiti vilitoka wapi kama si kwenye rundo langu? Nani aliombwa ruhusa? Hajati akasema si ndiyo wewe uliyekuwa unakana miti hii tangu asubuhi? Nikasema nakana kupanda, sikani kumiliki. Shemeji, ambaye hakualikwa, alikuwa ameshaanza kukata pingili kwenye mti wa mwisho, kila moja ameifunga uzi mwekundu kichwani.

Katikati ya makelele simu ya mwenyekiti ikalia. Ni fundi. Akaweka spika tusikie wote, akamweleza kesi tangu mwanzo. Fundi akasikiliza kwa adabu, kisha akasema yeye mambo ya nani alipanda hayamhusu, Hajati bado hajamlipa ile siku ya kupima, na ni kawaida ya kazi yao kwamba fundi huondoka na vigingi vyake. Atakuja Jumamosi na pikapu kuvichukua, vyote.

Mwenyekiti akaziba simu kwa kiganja, akatugeukia.

"Na vile vya banda la kuku, nimhesabie?"