Karavani kuukuu hutazamwa siku ya mvua

Ukitaka kununua karavani, yaani kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, iliyokwisha kutumika hapa Uingereza, usiende kuitazama siku ya jua. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wetu hupenda kwenda Jumamosi ya kiangazi, watoto wakiwa nyuma ya gari, na kwamba muuzaji naye hupendelea siku hiyo hiyo. Karavani iliyoanikwa wiki nzima, madirisha yakiwa wazi, itakuficha jambo unalopaswa kulijua kuliko yote kabla ya kutoa fedha zako, nalo ni kama maji yamepata njia ya kuingia ndani ya kuta zake.

Karavani nyingi za zamani zilijengwa kwa fremu ya mbao nyembamba, zikavikwa bati la alumini kwa nje, zikajazwa povu gumu la kuzuia baridi katikati, na ndani zikafunikwa kwa plaiwudi yenye karatasi ya mapambo. Bati hukutana pembeni, na juu ya maungio hayo hufungwa reli ya alumini kwa skrubu, chini yake pakiwa na gundi laini ya kuzuia maji. Gundi hiyo huzeeka, ikakauka na kupasuka, na kila karavani inapokokotwa barabarani maungio yote huchezacheza. Mimi ni mtu wa pwani. Nimeona majahazi yakipandishwa mchangani na kukalafatiwa upya kwa pamba na mafuta, kwa kuwa hakuna nahodha anayetarajia mshono udumu milele. Mwenye karavani huuamini mshono wa kiwandani kwa miaka ishirini, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Ni kweli kwamba baadhi ya watengenezaji wamepunguza mbao katika karavani za miaka ya karibuni, lakini dirisha bado ni tundu lililokatwa ukutani, na dirisha la paa ni tundu baya zaidi.

Mafundi hupima unyevu kwa mita ndogo yenye pini mbili, ambayo hutambua jinsi umeme unavyopita katika mbao, kwani mbao yenye maji hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kwa kawaida namba zisizozidi 15% hazimtii mtu wasiwasi, zikifika 20% inabidi kuchunguza, na zikipita 30% huenda mbao za ndani zimekwisha kuharibika. Sina ugomvi na mita. Ugomvi wangu ni na wanunuzi wanaoisoma karatasi ya vipimo kana kwamba ni cheti cha daktari, bila hata kuangalia tarehe yake.

Nilipata kutazama karavani moja ya bei nzuri sana, yenye mapazia mapya na manukato yaliyoning'inizwa mlangoni, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia shaka. Muuzaji alinipa karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa kuta zote, na hapakuwa na namba iliyozidi 15. Niliinua godoro la kiti cha mbele, nikafungua sanduku lililo chini yake, nikapeleka mkono hadi kwenye pembe chini ya dirisha, nikabonyeza. Kidole gumba kilizama kama nimebonyeza boflo. Nilipomulika tochi niliona kwamba karatasi ya ukuta pale ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, na vichwa vya skrubu vilikuwa na kutu. Mbao ile ilikuwa imeoza zamani, kisha ikakaushwa, na mita hupima maji, haipimi uozo.

Kwa hiyo mimi huanza na pua, mara tu mlango unapofunguliwa na kabla sijaizoea harufu ya ndani, kisha hufuata kidole, na mita huja mwisho. Hubonyeza ndani ya makabati ya juu, kuzunguka madirisha yote, na kila pembe ambayo mwenye karavani hana sababu ya kuifikia. Nje hutafuta silikoni mpya iliyopakwa juu ya ile kuukuu, kwa maana hakuna apakaye dawa pasipo jeraha. Sakafu inayonesa karibu na mlango huenda ni ugonjwa mwingine, wa tabaka zake kuachana, nao hutibiwa peke yake.

Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga yako ni ndogo mno. Kutengeneza ukuta uliooza maana yake ni kubandua reli, kung'oa plaiwudi na kubadilisha mbao, kazi inayoweza kugharimu kuliko karavani yenyewe.

Muuzaji yule alipoona nimekaa kimya, aliniambia kwamba atanipunguzia pauni 300. Nilimshukuru, nikafunga sanduku na kurudisha godoro mahali pake.