Mtoto wa Juma

Niseme mapema: sina mtoto. Nalazimika kuanza hivyo kwa sababu nikishuka stendi ya Kasulu hata leo, kuna watu watanipa hongera, wengine watanipa pole, na mmoja ataniuliza kama ameshaanza kutembea.

Chanzo ni usaili. Nilimaliza shahada ya ununuzi na ugavi, nikarudi nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, nikakaa miaka miwili nikimbebea mama ndoo za dagaa kutoka Kibirizi na kutuma maombi ya kazi. Siku ya siku nikaitwa na taasisi moja ambayo sitaitaja, maana bado natuma maombi. Tulioitwa tulikuwa umati, nafasi zilikuwa nne. Kwa hiyo kabla hujakaa mbele ya mtu akakuuliza habari zako, unapitishwa kwenye mchujo wa kuandika.

Na huo mchujo, asikudanganye mtu, haukuulizi ugavi. Miaka mitatu nimesoma jinsi ya kuandaa zabuni, halafu naulizwa: 2, 6, 12, 20, 30, inayofuata ni ngapi? (Ni 42. Tofauti inaongezeka kwa mbili kila hatua. Ukishaijua unajiona profesa, kabla hujaijua unajiona mbuzi.)

Basi nikaanza mazoezi, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuyafanya kwa sauti. Jioni moja namsaidia mama kuchambua mchanga kwenye dagaa, nasoma kwenye simu: "Migebuka wote ni samaki. Baadhi ya samaki wana sumu. Je, baadhi ya migebuka wana sumu?" Kitabuni ilikuwa maua na waridi, nikaweka migebuka ili kiingie akilini. Jibu ni kwamba haifuati. Wale wenye sumu wanaweza kuwa samaki wengine kabisa. Ila mama hakusubiri jibu.

"Nani kasema migebuka wana sumu?"

"Ni swali tu, mama."

"Swali kaliulize Mwandiga. Mimi hapa nina biashara."

Baba naye ni mstaafu wa reli. Nikamsomea lile la treni mbili: moja inatoka Tabora kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nyingine inatoka Kigoma kwa 40, katikati kilomita 400, zinaondoka wakati mmoja. Zitakutana baada ya muda gani? Unajumlisha mwendo unapata 100, unagawa, saa nne. Nikamwambia kwa madaha kabisa: baada ya saa nne, kilomita 240 kutoka Tabora.

Baba akavua miwani. "Zikutane porini?"

"Ndiyo."

"Reli ni moja. Zikikutana porini hiyo ni ajali. Moja inasimama stesheni, inasubiri mwenzake apite. Nani alikuwa zamu?"

Nikamwambia swali halisemi. Akasema basi swali limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kupanda treni, na mwendo wa 60 atuonyeshe ni treni ipi hiyo.

Kwa familia ya namna hii ilitakiwa nisome kimyakimya, au nihamie Ujiji. Badala yake nikajiunga na kundi la wasap la wenzangu tulioitwa kwenye usaili. Lilikuwa linaitwa "Usaili Mchujo". Tulikubaliana kila usiku mmoja anatuma swali, wengine wanalichambua kwa voisi, kwa Kiswahili, kwa sababu maswali yenyewe ni ya Kiingereza na ukilichambua kwa Kiingereza unaishia kukariri.

Kundi la nyumbani linaitwa "Ukoo Wetu". Lina watu 43, wakiwemo wawili tusiojua ni nani lakini wanaitikia salamu. Usaili, Ukoo. Yote yanaanza na U, yote nilikuwa nimeyabandika juu kabisa, moja chini ya lingine. Msomaji umeshaona tunakoelekea.

Usiku huo lilikuwa swali la undugu. Haya ndiyo yanayotafuna watu. Juma anaonyesha picha ya mvulana na kusema, "Mama yake ni mke wa mtoto pekee wa baba yangu." Katikati wamechomeka akina Asha, Musa na Rehema wasio na kazi yoyote isipokuwa kukupoteza. Mvulana ni nani kwa Juma? Njia ya kulitatua ni moja: jiweke mwenyewe mahali pa Juma. Sema "mimi". Mtoto pekee wa baba yangu ni nani? Mimi. Mke wa mimi ni mama wa mvulana. Basi mvulana ni mwanangu.

Nililipata saa saba usiku. Furaha ikanipanda. Nikabonyeza kipaza sauti, nikawa Juma kwa sekunde 19:

"Jamani, nimekesha na hili jambo, sasa nakubali. Yule mtoto ni wangu. Msihangaike kutafuta mtu mwingine. Baba ana mtoto mmoja tu, na huyo mmoja ni mimi. Hao wengine wote wamewekwa pale kutuchanganya. Na mama wa mtoto ndiye mke wangu. Imeisha hiyo."

Nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Saa kumi na moja alfajiri naamka, "Usaili Mchujo" kimya. "Ukoo Wetu" ujumbe 61. Nikajua kuna msiba. Nikafungua nikiwa nimeshajiandaa kusikitika. Wa kwanza kaka yangu wa Dar es Salaam: "Asante kwa taarifa. Mimi wa nani?" Dada akaandika, "Na mimi nauliza hivyohivyo." Mdogo wetu wa mwisho, yuko kidato cha pili, simu haruhusiwi, alikuwa ameandika saa saba na dakika nne. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kundi, aliweka mkono wa kushika kidevu, halafu baada ya saa nzima akaandika: "Kaka, pole. Tutakaa."

Hapo nikafanya kosa la pili. Mikono inatetemeka, nikabonyeza ile voisi nifute, na badala ya kufuta kwa wote nikafuta kwangu tu. Sasa hesabu yenyewe ikawa hivi: ukoo mzima una sauti yangu, mimi peke yangu sina. Hata sikumbuki vizuri nilisema nini.

Saa nne shangazi akaingia. Alikuwa amedandia gari la kwanza kutoka Kasulu, ana dumu la mawese mkono mmoja na mfuko wa rambo mkono mwingine. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, na Waha tunavyojua kusalimiana, salamu ya neno moja ni sawa na kupigwa kibao. Akamsogelea mama, akamshika mkono muda mrefu, kama mfiwa.

Tukakaa sebuleni. Baba kwenye kiti chake, baba mdogo pembeni yake, shangazi kwenye kochi peke yake, mimi kwenye stuli. Mama alikaa chini kwenye mkeka na ungo wa dagaa mapajani, anachambua. Anaokota dagaa mmoja, anamkung'uta kwa kidole, anamtupia upande wa wazuri. Mmoja, mwingine. Hakuinua kichwa.

"Kijana," baba mdogo akaanza, "kwanza tusikilize ushahidi."

Baba mdogo ni mwalimu wa kwaya. Alikuwa amekuja na spika ya kwaya.

Nasema kweli, sauti yangu haijawahi kutoka nzuri kama siku ile. "YULE MTOTO NI WANGU" ikapita dirishani, ikavuka uzio, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika. Ilipofika "baba ana mtoto mmoja tu", mama akasema neno lake la kwanza tangu asubuhi, macho kwenye ungo:

"Naomba kuuliza. Hao wengine watano ni wa nani, ili nijue niendelee kuwapikia au niwarudishe."

Nikasimama. Nikasema ni swali la usaili. Nikakimbilia daftari, nikachora mbele yao: mduara huu baba, mshale, mduara huu Juma, huu mke, huu mvulana.

Shangazi akalitazama daftari kama anakagua posho. "Huyu Juma ndiye nani?"

"Ni mtu wa kwenye swali, shangazi."

"Kwa hiyo mtoto ni wa Juma."

"Ndiyo!" Nikashukuru Mungu, mmoja kaelewa.

"Na Juma anajua?"

"Shangazi, Juma hayupo."

"Amekimbia?"

"Hayupo duniani."

"Uuuwi," akashika kifua. "Amekufa ameacha mtoto. Na wewe umekubali kumlea." Akamgeukia baba. "Kaka, tumemsema bure kijana. Ila umeoaje bila mimi?"

Ilichukua robo saa kuwarudisha kwenye karatasi. Nikasoma swali upya, polepole, nikitafsiri. Na hapo mambo yakageuka, maana sasa kila mtu akataka kulijibu.

Baba akataka kujua kama kwenye "mtoto pekee" marehemu wamehesabiwa. Nikasema swali halisemi. Akaandika pembeni, "halisemi," kama alivyokuwa akiandika treni zilizochelewa.

"Mtoto pekee wa baba yangu," shangazi akarudia. "Baba yupi?"

"Baba yake Juma."

"Nimesikia. Yupi? Wewe hapa baba yako ni huyu." Akamwonyesha baba. "Na huyu." Akamwonyesha baba mdogo, ambaye alikaa vizuri. "Na yule wa Kibondo ni baba yako mkubwa. Na mimi ni baba yako vilevile, nimekosa ndevu tu. Nani kati yetu ana mtoto mmoja?"

"Shangazi, hilo swali ni la Kizungu. Wao baba ni mmoja."

"Na ndugu zake baba wanawaitaje?"

"Anko."

"Na kaka wa mama?"

"Anko."

"Mjomba na baba mdogo jina moja?" Baba mdogo aliuliza kwa uchungu wa kweli. Alionekana mtu aliyeshushwa cheo.

"Haya, na 'mama yake'," shangazi akaendelea, sasa ameshalichukua daftari, "mama yupi? Dada zake mama yako nao ni mama zako. Mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama. Kwa hiyo huyu mvulana anaweza kuwa mtoto wa Juma, au wa shemeji yake Juma. Au huyo Juma ni muongo tu. Jibu ni kwamba aitwe Juma mwenyewe aje aeleze."

Wote wakakubali. Baba akasema kikao kimefungwa, shauri limekosa mhusika. Mama akainua ungo, akapuliza vumbi, akaenda jikoni. Baadaye akaniletea ugali na migebuka, akaniambia nile kwa uangalifu, baadhi wana sumu.

Usaili ulifanyika wiki mbili mbele yake. Ukumbi umejaa, kila mtu na kalamu mbili na kitambulisho, msimamizi anapita anapiga viatu sakafuni kama saa ya ukutani. Mfuatano wa namba ukaja, nikapiga. Treni ikaja, ndefu mita 120, inavuka daraja la mita 180 kwa kilomita 54 kwa saa. Hiyo wengi wanaisahau: lazima ujumlishe urefu wa treni na wa daraja, ndipo ugawe kwa mita 15 kwa sekunde. Sekunde 20. Nikaiandika huku namwomba baba radhi kimoyomoyo.

Swali la 27: mwanamke anaonyesha picha ya mwanamume, anasema, "Baba yake ni mtoto pekee wa kiume wa baba yangu." Huyo mwanamume ni nani kwake? Herufi A, mpwa. B, mtoto. C, mjomba. D, taarifa hazitoshi.

Ni A. Mtoto wa kaka yake, unamalizia kwa sekunde tano, mwanamke huyo ni shangazi mtu. Na neno hilo shangazi ndilo lililoniponza. Lilipopita tu kichwani, nikamsikia anasema, "Baba yupi?" Nikafuta A. Mtoto wa kaka yangu si mpwa wangu, ni mwanangu, shangazi angesema hivyo na angeapa. Basi ni B? Nikaandika B. Nikafuta. Karatasi ikaanza kutoboka. Dakika nne zikaenda hapo, na mwisho, kwa heshima ya ukoo, nikazungushia D.

Majina yalipotoka langu halikuwemo. Baba alisema labda walikuwa na kijana wao. Sikumbishia.

Ule mfuko wa rambo shangazi hakuurudisha Kasulu. Ndani kulikuwa na doti moja ya kanga, ya mzazi, na kofia ndogo ya sufu ya njano aliyoifuma mwenyewe. Mama ameifunikia chupa ya chai. Shangazi huwa ananipigia Jumapili baada ya ibada, anauliza habari za kazi, namwambia bado. Anauliza habari za mama, namwambia mzima. Halafu anashusha sauti, kama mtu anayechelea kumuumiza mwingine.

"Na ndugu zake Juma, hawajajitokeza?"

"Bado, shangazi."

"Usichoke, mwanangu. Mtoto hana kosa."