Zilipendwa za roki kwenye filamu mpya: lawama za uvivu zimepita kiasi

Kila inapotoka tamthilia kubwa ambayo tukio lake la kwanza linafunguliwa na gitaa la miaka ya sabini, wachambuzi hawakawii kusema: mwongozaji mvivu huyo, ameshindwa kujenga hisia zake, ameazima za watu. Lawama hii ni ya siku nyingi na ina mashiko. Mtazamaji aliyeupenda wimbo tangu utotoni huwa ameshalainika kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Machozi yakimtoka, huenda ni ya harusi yake mwenyewe au ya kaka yake aliyefariki, wala si ya mhusika aliye mbele yake. Hoja hiyo naielewa. Ninachokataa ni kuifanya hukumu ya jumla, maana wanaoirudia wamesahau kuuliza habari za watu walioupiga muziki huo, na nini huwapata wimbo wao unapofufuliwa.

Nianze na pale lawama zinapostahili kabisa. Helikopta zikionekana juu ya misitu ya Vietnam, masikio yanajua kinachofuata: "Fortunate Son" ya bendi ya Creedence Clearwater Revival. John Fogerty, mwimbaji wao, aliuandika mwaka 1969 akiwa na hasira juu ya watoto wa wakubwa waliokwepa vita huku watoto wa maskini wakipelekwa. Leo umekuwa mlio wa kutangaza kwamba tumefika Vietnam, basi. Mashairi hayasikiki tena, hasira yake imeyeyuka, na walionufaika na kuyeyuka huko ni wale wale walioimbwa. Mwongozaji anayeuweka hapo leo bila wazo jipya anastahili kila neno baya aliloandikiwa.

Lakini chukua tukio moja la mwaka 1990, katika "Goodfellas" ya Martin Scorsese. Baada ya wizi mkubwa, mkuu wa genge anaamua kuwaua washirika wake mmoja mmoja. Watoto wanakuta maiti mbili ndani ya Cadillac ya waridi. Maiti nyingine zinadondoka kutoka kwenye gari la taka. Nyingine inaning'inia ndani ya lori la nyama, imeganda. Na juu ya haya yote kinapigwa kinanda: sehemu ya mwisho ya "Layla" ya bendi ya Derek and the Dominos, polepole, ya huzuni, karibu ya upole. Hakuna neno linaloimbwa. Scorsese aliupiga muziki huo pale pale kwenye eneo la kurekodia, na kamera ikasogea kwa kuufuata.

Wimbo ni wa mwaka 1970 na mauaji ni ya mwisho wa muongo huo, kwa hiyo haukuwekwa ili kutukumbusha mwaka. Umewekwa kwa sababu unaomboleza watu ambao hakuna mwingine ndani ya hadithi anayewaombolezea. Mtunzi wa muziki wa filamu angeweza kuandika kitu cha kuogofya, na kingefaa. Asingeweza kuandika kitu ambacho mtazamaji alikuwa amekizoea miaka ishirini kama wimbo wa mapenzi, kisha akakikuta juu ya maiti. Mshtuko ule unatokana na mazoea hayo hayo ambayo wachambuzi wanayaita uvivu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwangu, lina uzito kuliko yote. Septemba 2013 tamthilia ya "Breaking Bad" ilimalizika kwa mhusika mkuu kufa kwenye maabara aliyoipenda kuliko familia yake, huku wimbo wa "Baby Blue" ukipigwa. Mwimbaji anaanza kwa kukiri kwamba anadhani amepata alichostahili. Ni wimbo wa bendi ya Uingereza, Badfinger, kutoka albamu yao ya mwaka 1971. Usiku ule ule usikilizwaji wake kwenye Spotify uliripotiwa kupanda kwa zaidi ya asilimia 9,000.

Najua takwimu hiyo inavyoweza kudanganya. Asilimia 9,000 ya kitu kidogo inaweza kubaki kitu kidogo, na mtu mwenye shaka atasema wiki mbili baadaye watu walikuwa wameshahamia kwingine. Bado mimi huirudia kila mara, kwa sababu ya kile kilichoipata bendi ile. Pete Ham, aliyeutunga wimbo huo, alijiua mwaka 1975 akiwa na miaka 27, hana fedha, baada ya mambo ya meneja wao kuiacha bendi mikono mitupu. Tom Evans, aliyeandika naye "Without You", kibao ambacho Harry Nilsson alikifikisha namba moja mwaka 1972, naye alijiua mwaka 1983. Mike Gibbins, mpiga ngoma, alifariki mwaka 2005. Usiku wa tamthilia ile, kati ya wanne waliorekodi "Baby Blue", alikuwa hai mmoja tu, Joey Molland. Watu waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Badfinger walilitafuta wenyewe, wakausikiliza wimbo, wakasoma yaliyowapata wenye wimbo.

Na si kwamba heshima imekuja bila kitu mfukoni. Kwa sheria ya Uingereza haki ya mtunzi huendelea miaka 70 baada ya kifo chake. Ya Ham itafika mwisho wa mwaka 2045. Kila wimbo wake unapopigwa kwenye runinga au kusikilizwa mtandaoni, kuna sehemu ya mrabaha inayopaswa kuwafikia warithi. Nioneshe njia nyingine ambayo wimbo uliosahaulika wa mtu aliyefariki miaka 38 kabla ungewafikia mamilioni ya vijana kwa usiku mmoja. Redio? Nchini Marekani redio za kawaida hazimlipi mwimbaji wala mpigaji hata senti kwa kurusha rekodi yake. Zinamlipa mtunzi tu. Filamu haina mwanya huo. Lazima ipate ruhusa mbili: moja ya utunzi, nyingine ya rekodi yenyewe. Na tofauti na mtu anayetaka kuurudia wimbo kwa sauti yake kwenye albamu, ambaye sheria ya Marekani inamruhusu alimradi alipe kiwango kilichowekwa, mtengenezaji wa filamu anaweza kuambiwa hapana, na hapana hiyo ikawa ya mwisho.

Hapana hiyo ni nguvu kubwa mkononi mwa mwenye haki. Bendi ya Led Zeppelin inajulikana kwa ugumu wake. Ili kuwashawishi watoe "Immigrant Song" kwa filamu ya "School of Rock" ya mwaka 2003, mwigizaji wake Jack Black alijirekodi jukwaani, na umati nyuma yake, akiwasihi. Steve Perry, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Journey, alitaka kwanza kujua mwisho wa tamthilia ya "The Sopranos" utakuwaje, mwaka 2007, ndipo akaridhia "Don't Stop Believin'" itumike. Tume ya maadili isingekuwa makini zaidi. Mwimbaji wa Uingereza Kate Bush naye alitumiwa kurasa za mswada zinazoonesha wimbo wake ungetumikaje kwenye tamthilia ya "Stranger Things" kabla ya kukubali.

Yaliyofuata kwa Bush yanajulikana, ila tarakimu zake hazijanichosha. "Running Up That Hill" ulitoka mwaka 1985 ukafika namba tatu Uingereza na namba thelathini Marekani. Mwaka 2022, baada ya kusikika kwenye tamthilia hiyo, ukashika namba moja Uingereza kwa wiki tatu na namba tatu Marekani. Alikuwa na miaka 63, na namba moja yake ya kwanza aliipata mwaka 1978. Wapo watakaosema huyu si mtu wa roki hasa. Sawa, basi waitazame bendi ya Metallica, ambao "Master of Puppets" yao ya mwaka 1986, wimbo wa zaidi ya dakika nane, uliingia kwenye chati kuu ya Marekani kwa mara ya kwanza baada ya kusikika kwenye msimu ule ule wa "Stranger Things". Lililo muhimu kwa Bush ni kwamba rekodi ni mali yake. Fedha hazikupita kwanza kwenye mikono ya watu kumi.

Hapa ndipo upande wa pili una hoja yake nzito zaidi, kuliko ile ya uvivu. Si kila mwanamuziki ni Kate Bush. Fogerty alipoteza haki za nyimbo zake za Creedence akiwa kijana, na kampuni iliyozishika ilizitumia bila kumwuliza, hata kwenye tangazo la suruali za jinzi. Alizipata tena sehemu kubwa ya haki hizo za utunzi Januari 2023, akiwa na miaka 77. Mwanamuziki wa roki Bruce Springsteen aliuza kazi zake zote kwa Sony mwaka 2021 kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 500. Yeye amelipwa, hilo halina ubishi, lakini kampuni iliyotoa fedha nyingi kiasi hicho haiwezi kukaa ikisubiri tukio linalostahili. Itazisukuma nyimbo popote zitakapoingia. Nina wasiwasi na hilo kuliko jambo lingine lolote katika mjadala huu.

Pia kuna gharama. Mwaka 2012 iliripotiwa kwamba watengenezaji wa tamthilia ya "Mad Men" walilipa dola 250,000 ili kutumia wimbo mmoja tu wa The Beatles. Mtengenezaji mdogo hana ubavu huo. Na hata mkubwa akishalipa, leseni inaweza kuwa na kikomo: tamthilia ya "The Wonder Years" ilimalizika kurushwa mwaka 1993, lakini kwa sababu ya haki za muziki DVD zake kamili zilichelewa hadi mwaka 2014. Kizazi kizima kilizikosa. Watunzi wa muziki wa filamu nao wana malalamiko ya haki, kwani mhariri akishakata tukio kwa kufuata kibao maarufu, mtunzi anayeletwa baadaye anaambiwa aandike kitu kinachofanana nacho bila kuwa chenyewe. Nawaonea huruma. Ila shida hiyo inatokana na namna filamu zinavyohaririwa. Hata wimbo ule ukipigwa marufuku, mhariri atachukua muziki wa filamu nyingine na mtunzi atabaki na mzigo ule ule.

Kwa hiyo mimi naona kosa liko kwenye uchaguzi wa nyimbo. Nyimbo zile zile kumi zinazunguka kutoka trela hadi trela, na nyingi ni za wanaume weupe wa Uingereza na Marekani, katika muziki ambao mizizi yake ni ya watu weusi. "Gimme Shelter" ya Rolling Stones, ambayo Scorsese peke yake ameitumia kwenye filamu tatu, inasimama juu ya sauti ya Merry Clayton, mwanamke mweusi aliyeitwa studio usiku wa manane akiwa mjamzito. Sauti yake inapasuka kabisa pale juu, na ndiyo watu wanayoikumbuka. Ni wangapi wanalijua jina lake?

Wasimamizi wa muziki, yaani wanaozichagulia filamu nyimbo, wanaokataa kukariri orodha hiyo wana pa kwenda. Zambia ya miaka ya sabini ilikuwa na roki yake, Zamrock, ya magitaa yenye mikwaruzo na midundo iliyotoka nyumbani. WITCH, bendi ya Emmanuel "Jagari" Chanda, na Ngozi Family ya Paul Ngozi ni majina mawili tu. Rekodi zao zimetolewa upya, na mwaka 2024 rapa wa Marekani Tyler, the Creator alijenga wimbo mzima juu ya kipande cha Ngozi Family. Chanda yuko hai na amerudi jukwaani. Ombi la ruhusa likimfikia sasa, atakuwepo kulisoma mwenyewe na kuuliza, kama Perry alivyouliza, wimbo wake unakwenda kuwekwa juu ya kitu gani.