Jina Kwanza, Seva Baadaye

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba ya wageni ya dada yangu, Pangani, kuna mstari wa rangi mpya ambao hadi leo haujafanana na rangi iliyouzunguka. Chini yake imefichwa anwani ya tovuti. Ilikaa pale miaka mitatu, ikachapishwa kwenye kadi 500, na wageni wanaotaka kwenda kisiwa cha Maziwe walikuwa wakiipiga picha wakiwa barabarani. Sasa ukiiandika anwani hiyo kwenye simu, unafunguka ukurasa wa kamari.

Kijana aliyeitengeneza hakuwa tapeli. Kazi yake ilikuwa safi na bei yake ya haki. Ila jina la tovuti, yaani ile anwani, alilisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu siku ile. Baadaye akahama, namba yake ikawa haipatikani, na ada ya mwaka haikulipwa na mtu. Dada alipogundua aliniuliza, "Mdogo wangu, si nililipia?" Alilipia, tena kwa wakati. Lakini jina halikuwa lake.

Tangu hapo nimeona kwamba ubishi wetu wa kila siku, kama mwenye biashara ndogo ajitengenezee tovuti, amwachie fundi, au abaki zake WhatsApp, tunauanzia pabaya. Tunabishana nani anajua kompyuta na nani hajui. Kinachomuumiza mtu mwishoni ni kutojua nani ameandikwa kama mwenye mali.

Wanaosema mfanyabiashara asijisumbue wana hoja nzito, na sitaki kuzipunja. Mteja wa Tanzania yuko WhatsApp na Instagram; huko ndiko anakouliza bei na kutumiwa picha. Mama anayeuza vitenge kwa wateja wa mtaani kwake hana haja ya tovuti, na anayemshawishi aijenge anamtia gharama ya bure. Pia tovuti ni kama bustani, inataka kuangaliwa. WordPress, programu inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, hupekuliwa usiku na mchana na mashine zinazotafuta plagini, yaani programu ndogo za kuongezea, zilizosahaulika bila kusasishwa. Mtu aliyejijengea tovuti wikendi moja na kuiacha miaka miwili anaweza kuikuta inauza dawa bandia kwa jina lake. Na anayetaka kupokea malipo ya kadi moja kwa moja kwenye tovuti, huyo nitamwambia bila kusita: tafuta mtaalamu.

Lakini wale wanaosema mitandao inatosha wanasahau tunachokalia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita kwa kosa la kiufundi la kampuni yenyewe, na wauzaji wengi wa kwetu walifunga duka siku hiyo bila kupenda. Hiyo ilipita. Yaliyofuata hayakupita. Google ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zilizounganishwa na wasifu wao kwenye ramani. Machi 2024 ikazizima zote. Freenom, kampuni iliyokuwa ikigawa bure majina ya .tk na .ml, ambayo wanafunzi wetu wengi waliyatumia kujifunzia, iliacha kusajili majina mapya mwanzoni mwa 2023, na mwaka uliofuata ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Aliyejenga juu ya kiwanja cha bure aliambiwa ahame, na hakuwa na hati ya kuonyesha.

Hapo kwenye hati ndipo nataka tukae kidogo. Jina la .com hugharimu kama dola 10 hadi 20 kwa mwaka, mara nyingi pungufu ya malipo ya mgeni mmoja kwa usiku mmoja. Kanuni za kimataifa zinamtaka msajili, yaani kampuni inayouza majina, amwandikie mwenye jina kama mwezi mmoja kabla muda haujaisha, kisha wiki moja kabla, kisha tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Muda ukipita, zipo kampuni zinazosubiri hadi siku 45. Halafu zinafuata siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa jina kwa ada kubwa, na siku 5 za mwisho za kusubiri kufutwa. Jumla zinaweza kufika siku 80 kabla jina halijaachwa. Katika siku zote hizo za jina la dada, barua zilikuwa zinakwenda kwenye sanduku la kijana ambaye hakuwa na sababu tena ya kulifungua. Tovuti yenyewe ilizimika mapema, lakini nani hufungua tovuti yake mwenyewe kila asubuhi? Dada aliona tu maswali ya wageni yamepungua, akadhani ni masika.

Na usidhani ni uzembe wa wadogo tu. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina ambalo watumiaji wa Hotmail, huduma yake ya barua pepe, walilipitia kuingia kwenye barua zao. Huduma ikakwama wakati wa Krismasi, hadi Mmarekani mmoja, Michael Chaney, alipolipa dola 35 kwa kadi yake binafsi. Microsoft ilipata msamaria. Dada yangu alipata mcheza kamari.

Ndiyo maana huwa nashangaa tukianza kwa kulinganisha kampuni za kuhosti, zile zinazotunza tovuti kwenye seva zao: nani ana nafasi "isiyo na kikomo", nani ana ofa ya mwaka wa kwanza. Seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, ni nyumba ya kupanga. Ukiwa na jina lako na nakala ya mafaili yako, unahama na wageni wanakufuata kwa anwani ileile. Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya kuhosti ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba wakakuta nakala zenyewe zilikuwa mahali palepale palipoungua. Aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani na jina mkononi aliweza kuanza upya kwingine. Yaliyobaki ya kuuliza si mengi: ada ya mwaka wa pili, ambayo mara nyingi ndiyo bei halisi, simu yao kama hupokelewa, na seva iko wapi. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikadhoofika, tulikumbushwa kwamba tovuti iliyoko kwenye seva ya Dar es Salaam kwa kawaida haina haja ya kuvuka bahari ili imfikie mtu wa Tanga. Kwa wageni wanaotafuta chumba wakiwa Ulaya, hesabu inageuka.

Mtu ataniambia: basi muajiri fundi, ila andika jina la mwenyewe. Ni kweli, inawezekana, na ikifanyika hivyo sina ugomvi. Ninachokiona ni kwamba anayejisajilia mwenyewe hulazimika kupita mlango ambao mwingine anapitishwa usingizini. Fomu inamuuliza barua pepe ya nani, simu ya nani, lini alipe tena. Akishajibu mara moja, hadanganyiki tena.

Tulimjengea dada tovuti mpya kwa jina la .co.tz, kurasa tatu tu: vyumba, safari za Maziwe, na namna ya kufika, ikiwemo pa kuvukia kivuko kwa wanaotokea upande wa Bweni. Kazi iliyotuchelewesha ilikuwa picha. Ile ya kitanda chenye chandarua, kama ilivyotoka kwenye simu, ilikuwa na megabaiti 4. Aliipunguza mwenyewe hadi kilobaiti 180, akaziweka mbili sambamba kwenye kioo, akazitazama kwa muda, akasema haoni tofauti. Nikamwambia tofauti anaiona mwenye bando la shilingi mia tano. Baada ya hapo alizirudia picha zote kumi na moja bila kuambiwa.

Sura ya tovuti hiyo haifiki ya kijana yule. Herufi ni za kawaida, hakuna kinachotembea. Bei ya mashua ilipopanda, aliibadilisha jioni ileile akiwa jikoni, na hapo ndipo nilipoacha kuwa na wasiwasi juu ya herufi.

Mwezi uliopita barua ya kwanza ya kumkumbusha ada iliingia kwenye simu yake. Alinipigia alfajiri, akanisomea neno kwa neno, akauliza kama ni ya kweli. Nikamwambia aingie kwenye akaunti yake na kulinganisha tarehe, asibonyeze kiungo kilicho kwenye barua. Alilinganisha, akakata simu akalipe.